Jua na Mwezi katika Malimwengu ya Kompyuta: Uhalisia Kiasi Gani?

Mwanafunzi wa fasihi akisoma riwaya, suala la mandhari halimpiti. Ataeleza kisa kimetokea wapi na lini. Mwandishi akimtoa mhusika Kampala saa moja asubuhi na kumfikisha Mombasa saa mbili kwa basi, mwanafunzi atasema bila kusita kwamba hapo uhalisia umevunjika. Lakini jioni mwanafunzi huyohuyo huketi mbele ya kompyuta au hushika simu yake, akaingia katika ulimwengu ambamo jua huchomoza mara tatu kwa saa moja na mwezi mwembamba huning'inia utosini usiku wa manane, asiulize kitu. Katika makala haya tunakusudia kuuliza kwa niaba yake.

Malimwengu tunayoyazungumzia ni yale yanayochorwa na programu za kompyuta, ambamo mtu hutembea, hujenga, hupigana au huzungumza na wenzake walio mbali. Siku hizi wengi huyaita malimwengu pepe, kwa kufuata neno "pepe" tulilolizoea katika "barua pepe". Kwetu sisi hizo ni kazi za ubunifu kama tamthilia na riwaya, na kwa hiyo zinastahili kuhakikiwa. Swali letu ni moja: je, jua na mwezi wa malimwengu hayo vifanane kwa kiasi gani na jua na mwezi tunavyoviona tukitoka nje?

Msimamo wetu tunautanguliza ili msomaji aupime tunapoendelea. Hatuamini kwamba usahihi wa falaki ndio uhalisia. Tunaamini kwamba anga la kubuni lipimwe kwa mambo mawili: kazi lililopewa katika kisa, na ahadi ambayo mtunzi amempa mtu anayeingia humo. Akiahidi ndoto, tumdai ndoto yenye mpangilio. Akiahidi dunia, tumdai dunia nzima, pamoja na sehemu yake tunayoishi sisi.

Siku ya dakika ishirini

Tuanze na mfano unaojulikana na vijana wengi, yaani Minecraft, mchezo uliotungwa Uswidi na kutolewa rasmi mwaka 2011. Siku moja humo, mchana na usiku, huchukua dakika 20. Mchana huchukua dakika 10, usiku dakika 7, na zinazobaki ni za macheo na machweo. Mhakiki mwenye haraka atasema kwamba huo ni uongo mtupu, kwani siku ni saa 24.

Sisi hatusemi hivyo. Msimulizi wa hadithi husema "siku zikapita, miezi ikapita" kwa pumzi moja, na hakuna msikilizaji anayemshitaki kwa kuiba miezi. Kufupisha muda ni haki ya kila msimulizi. Tunachouliza ni kama usiku huo mfupi una kazi. Katika Minecraft kazi ipo. Giza likiingia, viumbe waovu hutokea, na asiye na nyumba yumo hatarini. Mchezaji hulitazama jua kama mkulima anayetazama wingu: je, nitawahi kumaliza ukuta kabla halijatua? Jua lenyewe ni la mraba, lakini hofu ya kukuchwa ni ya kweli. Huo ni uhalisia wa hisia, na ndio tunaoutafuta kwanza katika kazi ya sanaa.

Tulinganishe na World of Warcraft, ulioanza mwaka 2004. Humo jua hufuata saa 24 kamili, kwa saa ya seva ambayo mchezaji ameunganishwa nayo. Hapa usahihi umekamilika, lakini matokeo yake ni ya ajabu. Mfanyakazi anayecheza baada ya kazi tu, akiwa katika saa za eneo la seva yake, hukuta usiku kila aingiapo. Aliyeko Kampala akajiunga na seva ya Marekani huacha magharibi nje ya dirisha lake na kukuta mchana ndani ya kioo. Saa ni sahihi, ila si saa yake. Hivyo basi, dakika 20 za uongo zinaweza kumpa mtu siku kamili, na saa 24 za kweli zikamnyima.

Jambo jingine ni mwanga. Jua hutoa mwanga unaozidi ule wa mwezi mpevu takriban mara 400,000. Programu ikiufuata uwiano huo kikamilifu, usiku wa kompyuta utakuwa kioo cheusi na mchezaji hataona anapokanyaga. Watunzi huongeza nuru, kama mwongozaji wa tamthilia anavyoonyesha usiku jukwaani kwa taa hafifu za buluu. Hiyo ni kaida, na kaida ikikubaliwa na pande zote mbili si kosa.

Mwezi uliochukuliwa sura ukaachwa sababu

Hata hivyo, mwezi wa Minecraft una jambo tusilolisamehe kirahisi. Mchezo huo umeupa mwezi sura nane, kuanzia mpevu hadi gizani na kurudi, sura moja kila usiku. Wakati huohuo, mwezi umewekwa daima upande wa pili wa jua, moja kwa moja: jua likizama, mwezi huchomoza; jua likichomoza, mwezi huzama.

Mambo haya mawili hayapatani. Sura ya mwezi hutokana na mahali ulipo ukilinganishwa na jua. Ukiwa upande wa pili wa jua, uso wake tunaouona huwa umeangazwa wote, yaani ni mpevu. Mwezi mchanga huonekana upande wa magharibi mara baada ya jua kuzama, nao huzama muda mfupi baadaye. Nusu ya kwanza huwa karibu na utosini magharibi inapoingia, ikazama kama usiku wa manane. Mpevu huchomoza jua linapozama na kukaa hadi alfajiri. Kongo la mwisho huchomoza mashariki kabla ya mapambazuko. Kila siku mwezi huchelewa kwa wastani wa dakika 50 hivi, na mzunguko wote huchukua siku 29 na nusu. Kwa hiyo hilali iliyosimama utosini saa sita usiku haiwezekani popote duniani.

Atakayesema kwamba haya ni mambo ya wanafalaki na si ya idara ya lugha, aitazame lugha yenyewe. Kwa Kiswahili mwezi wa angani na mwezi wa kalenda ni neno moja. Tuna mwezi mchanga, mwezi mpevu na mbalamwezi. Tunasema mwezi umeandama, na kitenzi andama maana yake ni kufuata: ni kweli kwamba mwezi huo huonekana ukilifuata jua kuzama. Waislamu wa pwani na wa bara huutazama upande wa magharibi ili wajue kama Ramadhani imeingia. Mtoto aliyejifunza anga kutoka katika mwezi unaochomoza kila magharibi hataelewa kwa nini wazee huutafuta pale jua lilipozamia, tena kwa haraka kabla haujapotea. Maneno atakuwa nayo, lakini kile kinachotajwa na maneno hayo kitakuwa kimempotea.

Tunakubali kwamba mwezi wa mraba umekwisha kujitangaza kuwa si wa kweli. Lakini mtunzi huyu hakuridhika na mraba wake. Amekopa sura za mwezi wetu na hata kuzipa kazi, kwani viumbe fulani vya ute katika vinamasi huongezeka mwezi ukiwa mpevu. Aliyekopa sura amekopa pia sababu, na sababu ameiacha. Kosa ni dogo, nalo halijauharibu mchezo, lakini ni kosa la aina tunayoisahihisha katika insha: hilali inayochomoza mashariki jioni, au mbalamwezi tele siku mbili baada ya mwezi kuandama.

Kusadikika

Je, tunadai basi kila mwezi wa kubuni uwe nakala ya mwezi wetu? La hasha. Katika Majora's Mask, mchezo wa Nintendo wa mwaka 2000, mwezi una uso wenye macho makali, nao unaanguka juu ya nchi iitwayo Termina. Zimebaki siku tatu tu. Hakuna falaki hapo hata chembe, wala haihitajiki. Mwezi huo una sababu ndani ya kisa, unakaribia kadiri muda unavyokwisha, na wenyeji wa mji huutazama na kuuogopa, kila mmoja kwa namna yake. Vivyo hivyo, katika Skyrim, mchezo wa mwaka 2011, kuna miezi miwili, Masser na Secunda, mmoja mkubwa mwekundu na mwingine mdogo. Hatuulizi miezi miwili imetoka wapi. Tumeambiwa tangu mwanzo kwamba hii ni nchi nyingine.

Wasomaji wa Kiswahili hawahitaji kwenda mbali kulifahamu jambo hili. Shaaban Robert, katika Kusadikika iliyotoka mwaka 1951, ameiweka nchi nzima angani. Ni ulimwengu wa kubuni kabla ya kompyuta kufika kwetu. Lakini nchi hiyo isiyo na ardhi ina mashariki, magharibi, kaskazini na kusini, na wajumbe wake hutumwa kuzifuata pande hizo na kurudi na habari. Jina lenyewe latufundisha: kutoka sadiki tumepata sadikika, kauli ya kutendeka, yaani kuweza kusadikiwa. Mwandishi hakuahidi kwamba nchi hiyo ni kweli. Aliahidi kwamba itasadikika, na ahadi hiyo aliitimiza kwa kuipa mpangilio usiobadilika kutoka ukurasa hadi ukurasa. Hata Euphrase Kezilahabi katika Nagona na Mzingile, anapouvunja uhalisia kwa makusudi, huuvunja kwa njia ambayo msomaji makini anaweza kuifuata.

Kipimo chetu cha kwanza basi ni hiki: anga la kubuni laweza kuwa na sheria yoyote, mradi liitii sheria hiyo.

Jua la kila mtu peke yake

Second Life, ulimwengu uliofunguliwa na kampuni ya Linden Lab ya Marekani mwaka 2003, unatupa tatizo la aina nyingine. Huu si mchezo wa kushinda au kushindwa. Ni mahali pa kukutana, kujenga na kuzungumza, na walimu wa lugha wa Ulaya na Marekani waliwahi kujenga madarasa humo. Siku yake ya kawaida ni saa 4: saa 3 za mchana na saa 1 ya usiku. Lakini kila mtu anaweza kuliamuru jua katika kioo chake. Akipenda machweo, atakaa katika machweo daima, huku jirani yake aliyesimama hatua mbili kutoka kwake yumo katika adhuhuri.

Kwa mtazamo wa picha, hilo ni jambo dogo. Kwa mwalimu wa lugha ni jambo kubwa. Salamu zetu zimefungwa na jua. Tunasema umeamkaje, umeshindaje, habari za asubuhi, habari za jioni. Waganda nao husema wasuze otya asubuhi na osiibye otya mchana ukiwa umesonga. Je, watu wawili wenye majua mawili watasalimianaje? Mwalimu akiuliza "unaona nini mbele yako?", mmoja atasema vivuli virefu, mwingine atasema hakuna kivuli. Mazungumzo huhitaji wazungumzaji wawe na "sasa" moja. Jua la pamoja, hata likiwa la saa 4, hulijenga neno "sasa". Jua la kila mtu peke yake hulivunja.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wanaosema kwamba uhuru wa mtumiaji ndio bora kuliko yote. Katika ulimwengu wa mtu mmoja, na achague jua alipendalo. Katika ulimwengu wa watu wengi, jua ni mali ya umma kama barabara.

Mwamba ngoma huvutia kwake

Tumefika mahali ambapo sisi wa Ikweta tuna neno la kusema. Animal Crossing: New Horizons, uliotolewa na Nintendo mwezi Machi 2020, hufuata saa na tarehe ya kweli ya mchezaji. Unapoanza, unaulizwa kisiwa chako kiwe nusu ya kaskazini ya dunia au nusu ya kusini. Ukichagua kaskazini, theluji itaanguka Desemba. Ukichagua kusini, itaanguka kuanzia Juni. Lengo ni jema: majira ya kisiwa yafanane na majira ya nje ya dirisha.

Lakini Ikweta je? Mstari huo unapita Uganda, Kenya na Kongo, na hapa kwetu watu husimama Kayabwe kwenye barabara ya Masaka wakapigwa picha, mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Sisi hatuna majira manne. Tuna misimu miwili ya mvua, ile ya Machi hadi Mei na ile ya Septemba hadi Novemba, na kati yake kiangazi. Mchana wetu hukaribia saa 12 mwaka mzima. Jua likizama, giza huingia upesi, ilhali London mwezi Juni usiku haufikii giza kamili hata kidogo. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba jua la adhuhuri hutupita utosini. Mwezi Juni huegemea kaskazini na Desemba kusini. Hilali yetu hulala kama dau majini, ilhali ya kaskazini husimama kwa ubavu.

Mchezaji wa Kampala ameulizwa swali lenye majibu mawili, na jibu lake halimo. Hatusemi kwamba kuna aliyekusudia kututenga. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na mtunzi aliyekulia Kyoto au Stockholm huliona anga la kwao kuwa ndilo anga. Ila tunasema kwamba hapa kipimo cha pili kinahusika. Minecraft haukuahidi dunia. Mchezo unaosema "nitafuata saa yako na majira yako" umeahidi, na ahadi hiyo kwetu haikutimizwa. Jambo la kuchekesha ni kwamba jua la Minecraft, ambalo hupita utosini kila siku na kugawa mchana na usiku karibu sawa, linafanana zaidi na jua letu kuliko majira ya mchezo unaofuata kalenda.

Wala haiwezi kusemwa kwamba jambo hilo haliwezekani. Programu ya Stellarium, ambayo hutolewa bure, hulichora anga la mahali popote duniani kwa tarehe yoyote, Kampala ikiwamo. Humo usahihi ndio kazi yenyewe. Hesabu zipo, nazo zinajulikana. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza.

Hoja ya upande wa pili

Wapo watakaotujibu kwamba mchezo ni mchezo, na kwamba anayetaka jua la kweli atoke nje. Hoja hii ina uzito, na kuna mtunzi aliyeitumia kwa ustadi mkubwa. Mwaka 2003 kampuni ya Konami ilitoa mchezo uitwao Boktai, uliosimamiwa na Hideo Kojima. Kaseti yake ilikuwa na kihisi cha mwanga. Ili kupata nguvu za kuwapiga wanyonya damu, mchezaji alitakiwa kulipeleka jua halisi kwenye kaseti, yaani atoke nje. Mtunzi hakujisumbua kuliiga jua. Alilialika. Kwa maoni yetu hilo ni jibu zuri kuliko picha elfu za machweo.

Lakini jibu hilo linathibitisha hoja yetu. Boktai unampeleka mchezaji kwenye jua la mahali alipo, liwe la Ikweta au la kaskazini. Michezo mingine humweka ndani na kumwambia kwamba jua liko hivi. Anayechagua kuiga amechagua kuwajibika kwa anachokiiga.

Tutumieje haya darasani?

Kwa walimu na wanafunzi, tunapendekeza mazoezi matatu.

Kwanza, mwanafunzi achague ulimwengu mmoja wa kompyuta na kuandika ukurasa mmoja wa uhakiki wa anga lake: siku ni ndefu kiasi gani, mwezi huchomoza lini, na jua lina kazi gani katika kisa. Atumie istilahi tunazozitumia kwa riwaya: mandhari, kaida, uhalisia.

Pili, zoezi la saa. Michezo mingi huonyesha saa kwa tarakimu, 06:00 au 18:00, na mfasiri asiye makini ataandika "saa sita" akidhani amemaliza. Kwetu 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi, na 18:00 ni saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa saa zetu huhesabiwa kufuata jua. Mwanafunzi afasiri ratiba ya siku nzima ya mhusika, kisha aeleze kwa nini alipaswa kutazama jua la mchezo kabla ya kuandika. Tunatarajia programu nyingi zaidi zifasiriwe kwa Kiswahili, na watakaozifasiri wamo madarasani mwetu.

Tatu, insha ya maelezo. Mwanafunzi alieleze anga la kwao kwa siku saba mfululizo, saa moja usiku: mwezi uko wapi, una sura gani, na kama haupo, kwa nini. Zoezi hili halihitaji kompyuta wala umeme. Atakayelifanya atazielewa istilahi za mwezi kuliko anayezikariri kutoka katika kamusi.

Hitimisho

Tumeona kwamba siku ya dakika 20 yaweza kuwa ya kweli kuliko siku ya saa 24, kwamba mwezi wenye uso waweza kusadikika kuliko mwezi wenye sura nane zisizo na sababu, na kwamba jua la pamoja ni sharti la mazungumzo ya pamoja. Uhalisia tunaoudai ni utiifu kwa sheria ya kazi na kwa ahadi yake. Kwa hao wanaoahidi dunia halisi, tunawakumbusha kwamba dunia ina kiuno, na kiuno hicho kina watu.

Wanafunzi wetu wanaosoma lugha pamoja na kompyuta wanazidi kuongezeka. Tunawaomba wasingoje anga letu lichorwe na wengine. Atakayeandika programu ambamo hilali hulala kama dau, jua huzama upesi na saa moja ni saa moja ya asubuhi, atakuwa amefanya kazi ya fasihi, na kurasa za jarida hili zitakuwa wazi kuihakiki.